Saa Tatu na Dakika Sita

Kompyuta ya benki ya mbegu ilikuwa imenizidi umri kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nilipoketi mbele yake niliiamkia kwanza. "Shikamoo," nikasema, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ikakohoa, ikakwama, ikakubali, na mistari myeupe ikaanza kushuka kwenye kioo cheusi.

"Haijaitikia," Mzee Mwakyoma alisema kutoka mlangoni. "Haina adabu hiyo. Nimelala nayo chumba kimoja miaka ishirini, haijawahi kuniambia hata pole."

"Umelala, mzee? Si wewe ndiye mlinzi wa usiku?"

"Nimekesha! Nimekesha nayo. Ulimi huu, mwanangu, utanimaliza kabla Baraza halijanimaliza."

Akacheka, kisha akaenda kwenye bomba la uani kunawa mikono. Ilikuwa mara ya tatu tangu nifike. Aliweka mkono chini ya bomba, bomba likamtambua, maji yakatoka. Akayaacha yatiririke muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Nayafaidi," aliniambia aliponiona namtazama. "Kesho huenda yakanikana."

Kwenye benchi, chini ya ubao wa matangazo, alikaa Lwitiko, karani wa Baraza la Mashine, na sanduku lake la mihuri, lenye kioo kidogo kifunikoni, mapajani. Nilikuwa nimemwambia kwamba ningeweza kumnakilia kumbukumbu za siku inayotakiwa kwenye flashi, dakika mbili tu, kisha kila mtu aendelee na shughuli zake. Alinitazama kana kwamba nimempa rushwa.

"Kilichopita mkononi mwa mtu ni neno la mtu, fundi," alisema. "Iunganishe na Anga. Iingie yenyewe, ijieleze yenyewe."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nakumbuka, nikiwa mdogo, wakati sauti ya mtu yeyote iliweza kutengenezwa kabla chai haijapoa, na sura yake pia. Watu walifungwa kwa maneno ambayo hawakuyatamka hata ndotoni. Ndipo sheria ikageuka: mdomo wa mtu si ushahidi tena. Baraza huuliza mashine, mashine hujibu kupitia Anga, mtandao unaounganisha kila kitu nchini, na hukumu hutoka hapo hapo. Anayepatikana na kosa huzimwa. Miaka mitano Anga haimjui. Mlango wa zahanati haufunguki, mizani ya chai haipimi majani yake, basi linampita kituoni, bomba halimtolei tone. Anaishi kwa mikono ya wengine, kama wapo.

Na kosa lenyewe halikuwa dogo. Mwezi uliotangulia mama yangu, ambaye ndiye mtunza mbegu wa kituo, alitoa machipukizi ya migomba kwenye tangi la baridi ili ayapande. Yalikuwa mia nne na kumi na mawili, ya ndizi za zamani ambazo ugonjwa wa mnyauko ulikwisha kuzifuta mashambani kote Rungwe. Hakuna hata moja lililoota. Yalikuwa yameyeyuka yakaganda tena, maana yake kuna mtu aliacha kifuniko cha tangi wazi kwa saa kadhaa. Kifuniko kile kina waya mwembamba unaokuja mpaka kwenye kompyuta hii, na kompyuta huandika kila kinapofunguliwa na kinapofungwa. Mkuu wa kituo alipofungua kumbukumbu alikuta Jumanne moja ya mwezi wa tano: kimefunguliwa 03:06, kimefungwa 05:41. Usiku wa manane kama huo, ndani ya jengo alikuwamo mtu mmoja tu.

"Sikukigusa," Mzee Mwakyoma alikuwa amemwambia kila aliyetaka kumsikiliza. Lakini ule ulikuwa mdomo wa mtu.

*

Linux, programu iliyoiendesha kompyuta ile, haifichi kitu, ila haikuambii usichouliza. Na kuuliza si ujinga, kwa hiyo nilianza kuuliza. Niliagiza iniorodheshee njia zake zote za mawasiliano. Ikanionyesha mbili: ya waya, na kadi ya hewani.

"Kumbe unayo!" nikapiga kelele. Miaka yote ile watu waliamini kompyuta haina uwezo wa kuongea hewani, kumbe ilinyamazishwa tu. Mbele ya jina la kadi paliandikwa kwamba imezuiwa.

Imezuiwa na nani? Hapo ndipo kazi yangu huninogea. Niliandika *rfkill list*, ambayo ni njia ya kumuuliza mfungwa jina la askari wake. Jibu likaja mistari miwili: kizuizi cha programu, hapana, kizuizi cha mkono, ndiyo. Cha mkono! Basi kuna swichi mahali. Niliipapasa mashine mbele na nyuma, nikaigeuza ubavu, na karibu na tundu la waya kidole changu kikapita juu ya kitu laini. Ilikuwa plasta ya kidonda, ya kale, imegeuka rangi ya tope.

"Usiibandue," Mzee Mwakyoma alisema haraka. "Aliibandika marehemu mwanzilishi wa kituo kwa mkono wake. Alisema siku itakayobanduliwa wezi wa mbegu wataingia humu bila kupita getini kwangu."

"Mbegu zimekwisha kufa, mzee."

Alifikiri kidogo. "Haya, bandua."

Nikaisukuma swichi kwa ukucha. Taa ndogo ya buluu ikawaka, na mzee akaiinamia kuitazama. Nikaandika *nmcli device wifi list*, na majina ya mitandao yote iliyotufikia pale mlimani yakajipanga: MIZANI YA CHAI 4, USHIRIKA JUU, NYUMBA YA MCHUNGAJI, jirani mmoja aliyejiita KANUNUE YAKO, na juu ya wote, wenye nguvu kuliko wote, ANGA-RUNGWE.

"KANUNUE YAKO namjua," mzee alisema. "Hata chumvi haazimi."

Lwitiko alinipa cheti cha kuingilia, kilichotolewa na Baraza asubuhi ile ile, pamoja na neno la siri lenye herufi thelathini. Niliandika yote, nikaruhusu. Kompyuta ikafikiri. Kisha ikaandika: imekataliwa, cheti hakijaanza kutumika.

"Hakijaanza vipi?" Lwitiko alisimama. "Kimeanza saa mbili asubuhi ya leo."

"Na sasa saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini na mbili."

Nikatazama pembeni mwa kioo. 04:22. Nne na ishirini na mbili.

"Saa iko sawa," nikasema.

Nikarudia. Ikakataa. Nikalaumu neno la siri, nikaliandika upya herufi moja moja huku Lwitiko akinisomea. Ikakataa. Nikailaumu kadi, nikaizima na kuiwasha. Ikakataa kwa maneno yale yale, bila hasira. Nusu saa ilipita hivyo. Mwishowe nikaacha kubishana na mashine, nikakifungua cheti chenyewe nikisome. Kinaanza: leo, 08:00.

Nane, nikawaza. Lakini Lwitiko kasema saa mbili. Nikatazama tena pembeni mwa kioo, ambapo sasa paliandikwa 04:51. Ukutani, saa ya kituo ilionyesha mshale mfupi ukikaribia kumi na moja.

Nikaangua kicheko mpaka Lwitiko akashtuka. Kompyuta iliamini ni alfajiri! Kwa hesabu yake jogoo ndio kwanza wanawika, na cheti kitaanza baada ya saa tatu nyingine. Na mimi, fundi mzima niliyesomea kazi hii miaka minne, nilikuwa nimeisoma 04:22 nikaona ni saa nne, kama ambavyo mama yeyote sokoni angeisoma.

"Mzee Mwakyoma, nani aliitegesha saa hii?"

"Mimi," alisema kwa fahari. "Miaka mitatu sasa. Betri yake ndogo ilikufa, nikanunua nyingine, nikaweka. Ilipowaka ikauliza saa. Mama yako alikuwa kule kwenye tangi, nikapaza sauti, 'Mama Tusekile, saa ngapi?' Akanijibu, 'Saa tatu kasorobo.' Nikaandika nilivyotajiwa. Mbili, arobaini na tano." Akanitazama usoni. "Imekosea?"

"Haijakosea, mzee. Inasema Kiswahili."

Alicheka pamoja nami, ingawa nadhani hakuelewa. Mimi nilikuwa nimeshikwa na hamu. Kama saa ilikuwa nyuma kwa saa sita miaka mitatu yote, basi na kumbukumbu je? Nikazifungua. Kila siku ya kazi, bila kukosa, kifuniko cha tangi kilifunguliwa 02:30 au dakika chache baadaye, kikafungwa baada ya dakika moja. Miaka mitatu! Nani anayekwenda kukagua tangi saa nane na nusu usiku kila siku? Hakuna. Lakini saa mbili na nusu asubuhi kila mtu kituoni anajua ni nani. Ukimtafuta saa hiyo unaambiwa, mwache mtunza mbegu, yuko na watoto wake.

Kwa hiyo 03:06 ya Jumanne ile haikuwa saa tisa usiku. Ilikuwa saa tatu na dakika sita asubuhi, na Mzee Mwakyoma alikuwa amekwisha kutoka zamu, yuko kwake anakunywa uji. Nilijawa na furaha. Nikageuka, nikafumbua mdomo nimwambie.

Ndipo nikajiuliza ilikuwa Jumanne ipi.

Nikatoa simu yangu, nikarudi nyuma kwenye orodha ya niliowapigia. Jumanne ile. Mama. Saa tatu na dakika nane. Nilikuwa nimempigia kumwambia kwamba mjomba Anyosisye, kaka yake wa pekee, amefariki. Nilisikia simu yake ikianguka sakafuni, na viatu vyake vikikimbia.

Mzee Mwakyoma alikuwa bado ananitazama, anasubiri nilichotaka kusema. Nikaufumba mdomo.

*

"Kuna nini?" Lwitiko aliuliza.

"Saa tu. Iko nyuma kwa saa sita."

"Basi isogeze mbele, tumalize."

Alisema kweli, na lilikuwa jambo halali kabisa. Amri moja fupi, saa inasonga, cheti kinakubalika, kompyuta inaingia Anga. Kumbukumbu zingebaki zilivyo, maana zimefungwa kwa muhuri na hakuna anayeweza kuzigusa. Baraza lingesoma 03:06, lingejua ni usiku, na lingemzima mzee anayenawa mikono kwa kuyaaga maji. Hakuna ambaye angeuliza tena.

Njia ya pili ilikuwa fupi vile vile. Nisiguse saa. Niiache inavyosoma, ila niiambie kompyuta kitu ambacho hakuna aliyewahi kuiambia: inaishi katika majira gani. Kila kompyuta ina orodha ya majira ya dunia nzima, ndiyo inayoiwezesha kujua kwamba saa sita ya mji mmoja si saa sita ya mji mwingine. Ningechagua majira ambayo saa yake iko nyuma yetu kwa saa sita. Hapo 04:51 yake ingekuwa sahihi, cheti kingekubalika, na kila mstari wa kumbukumbu ungesomeka upya bila kuguswa hata nukta. Na 03:06 ingekuwa asubuhi, saa ambayo tangi huwa mikononi mwa mtunza mbegu peke yake.

Niliandika ile amri ya kwanza, ya kusogeza. Kidole kikafika juu ya kitufe kikubwa. Nilitaka kukibonyeza, sitasema uongo. Nilitaka sana. Nikainuka nikatoka nje.

Mama alikuwa kwenye kitalu, anapunguza magamba ya machipukizi mapya kwa kisu, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Hakuinua macho.

"Umemaliza, Tuse?"

"Bado. Mama, siku nilipokupigia habari ya mjomba, ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa kazini."

"Wapi hasa?"

"Kwenye tangi. Nilichelewa siku ile, mvua. Ndio kwanza nilikuwa nimefunua ni..." Kisu kikasimama. "Nilikuwa nimefunua."

Alitazama mikono yake.

"Nilirudi kwenye saa sita kasoro kuchukua khanga ya msibani," alisema polepole. "Kulikuwa na moshi mweupe sakafuni. Nikaona kifuniko, nikakifunga. Sikuwaza lolote, mwanangu. Nilikuwa nalia. Nikazima taa nikaondoka." Kisha akaniangalia. "Lakini walisema ni usiku. Mashine ilisema usiku, na mimi nikaiamini mashine."

"Mashine haikusema usiku, mama. Ilisema tatu na dakika sita. Usiku tumeusema sisi."

Nikamweleza yote, ya betri na ya kasorobo. Alisikiliza akiwa amechuchumaa. Nilipomaliza aliuliza, "Mwakyoma anajua?"

"Hajui."

"Karani?"

"Hajui. Ni mimi na wewe. Mama, naweza kuisogeza saa tu. Ndivyo nilivyoambiwa na Baraza lenyewe. Na mzee, mimi nitamtunza. Maji nitamfungulia mimi, miaka yote mitano."

"Wewe unakaa Mbeya," mama alisema. "Mkono wako una urefu gani?"

Nikaanza kulia. Nilimwambia kwamba Baraza halina mahali pa kuandika sababu, kwamba halitajua kuhusu mjomba, litaona kifuniko na saa basi. Nilimwambia ana miaka sitini na mbili. Nilimwambia nampenda, jambo ambalo kwetu mtu halisemi kitaluni mchana kweupe.

"Najua," alisema. Akapangusa kisu kwenye jani, akakikunja. "Mzee wa watu aliniuliza saa, nikamtajia, akaandika nilivyosema. Twende."

*

Mzee Mwakyoma aliinuka tulipoingia. Mama alimsalimia, akamwambia habari yote akiwa amesimama, kwa sentensi tatu. Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akatazama kompyuta.

"Hapana," alisema. "Hapana, Mama Tusekile. Mtu aliyefiwa hahesabiwi kosa. Karani, hapana, andika kwamba nimekataa."

"Siwezi kuandika neno la mtu, mzee," Lwitiko alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko asubuhi.

Niliketi. Nikafuta amri ya kwanza, herufi moja moja, nikaandika ya pili: *timedatectl set-timezone Etc/GMT+3*. Waliotunga majina hayo waligeuza alama, jumlisha kwao ni kurudi nyuma, na siku nyingine ningemweleza mama kwa raha zote, maana hupenda mambo ya kinyume kama hayo. Nikaongeza mstari wa kuiambia kompyuta kwamba saa yake ndogo yenye betri nayo ni ya majira hayo hayo. Kisha mikono ikanigomea.

"Kitufe kipi?" mama aliuliza begani kwangu.

"Kile kikubwa. Cha kulia."

Alikibonyeza kwa kidole chenye utomvu, kikabaki na alama nyeusi. Nikaizima kompyuta nikaiwasha upya. Taa ya buluu ikawaka. Niliiagiza iunganike na ANGA-RUNGWE, na safari hii haikufikiri sana. Imeunganishwa, ikaandika. Baada ya miaka thelathini na minane ya ukimya, kompyuta ya benki ya mbegu iliongea, na jambo la kwanza ililoulizwa lilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa tano.

Baraza halikawii. Sanduku la Lwitiko lililia mara mbili. Alitazama kioo chake kidogo, akasoma kwa sauti. Mlinzi Ambakisye Mwakyoma, hana kosa. Mtunza mbegu Subilaga Mwambene, miaka mitano, kuanzia sasa. Akafunga sanduku bila kumtazama mtu, akampa mama pole kwa mikono miwili, akaondoka.

Mama alikuwa anatazama mikono yake, na nikajua anachotazama ni utomvu. Hawezi kukaa na mikono michafu, hajawahi kuweza. Akatoka uani mpaka kwenye bomba kwa mazoea, akaweka mkono chini yake. Bomba likanyamaza. Akaweka mkono wa pili.

Niliinuka, lakini Mzee Mwakyoma alikuwa amekwisha kufika. Alipenyeza mkono wake chini ya mkono wa mama, maji yakatoka.

"Nawa, Mama Tusekile."

Alinawa taratibu, kucha kwa kucha, na mzee hakuuondoa mkono mpaka alipomaliza. Mkono wa shati lake ulilowa hadi kiwikoni.

"Kesho nikitoka zamu nitakusubiri hapa uchote ya nyumbani," alimwambia. "Utakuja saa ngapi?"

"Saa tatu," mama alisema.

Mzee aligeuka akaitazama kompyuta kupitia mlango ulio wazi, na taa yake ya buluu, kisha akamrudia mama.

"Ya asubuhi?"

"Ya asubuhi," mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka.